Mkuu wa idara wa kaunti anapodaiwa utovu wa nidhamu na kusema uongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yanahusu serikali za kaunti nchini Kenya. Maswali ni yale yanayorudi kila mara kutoka kwa watumishi, wakuu wa idara wenyewe, wajumbe wa bodi za utumishi na wananchi waliowasilisha malalamiko. Kila jibu linajitosheleza. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali pengine, tumetaja nambari ya swali.

## Mambo ya msingi

1. "Mkuu wa idara" ni nani hasa katika kaunti?

Makosa mengi huanzia hapa. Jina hilo hutumiwa kwa maafisa 3 tofauti, na kila mmoja ana njia yake ya kuwajibishwa.

Wa kwanza ni waziri wa kaunti, yaani mwanachama wa kamati kuu ya kaunti. Huyu huteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti, na anaweza kuondolewa na gavana au kwa hoja ya bunge (swali la 15 na la 16). Wa pili ni afisa mkuu, ambaye gavana humteua kutoka kwa walioteuliwa kwa ushindani na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, kisha bunge likamwidhinisha. Yeye ndiye msimamizi wa hesabu za idara, na sahihi yake ndiyo inayotoa pesa. Wa tatu ni mkurugenzi, mtumishi wa kudumu au wa mkataba aliyeajiriwa na bodi.

Hoja ya bunge ya kumwondoa mtu chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamhusu waziri wa kaunti peke yake. Bunge likipiga kura ya kumwondoa mkurugenzi, kura hiyo haimwondoi. Linachoweza kufanya ni kumhoji, kuandika ripoti na kuipeleka kwa bodi, kwa kuwa bodi ndiyo yenye mamlaka ya nidhamu chini ya kifungu cha 59.

2. Kuna tofauti gani kati ya kosa la mwenendo na kosa la uongo? Si yote ni utovu wa nidhamu?

Yote yanaweza kuishia kwenye utovu wa nidhamu, lakini hayathibitishwi kwa njia moja. Kosa la mwenendo ni kile mtu alichofanya au alichoacha kufanya: kutukana watumishi, kutumia gari la serikali kwa shughuli za nyumbani, kukaidi agizo halali, kutofika kazini. Shahidi aliyeona na daftari la safari za gari vinatosha.

Kosa la uongo ni kile alichokisema au kukiandika kuhusu jambo fulani hali akijua si kweli. Hapa lazima uthibitishe yaliyokuwa kichwani mwake wakati huo, na kazi hiyo ni ngumu zaidi. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba tuhuma hizi 2 ziandikwe kando kando, kila moja na ushahidi wake. Zikichanganywa katika sentensi moja, ile dhaifu huivuta chini ile yenye nguvu. Tumeona mashauri yenye ushahidi kamili wa matumizi mabaya ya gari yakianguka kwa sababu bodi iliamua kuyaita "udanganyifu" na haikuweza kuonyesha uongo wenyewe uko wapi.

3. Kauli isiyo ya kweli ni uongo moja kwa moja?

Hapana. Kabla ya kutumia neno hilo kwenye barua rasmi, hakikisha una majibu ya maswali 4. Alisema nini hasa, kwa maneno yake, lini na mbele ya nani? Ukweli ulikuwa upi siku ile ile aliyosema, si miezi miwili baadaye? Nini kinaonyesha kwamba aliujua ukweli huo? Na kauli hiyo ilibadilisha nini, yaani ni nani aliyeitegemea kulipa, kuidhinisha au kuacha kuuliza?

Jibu la tatu ndilo linalokosekana mara nyingi. Mkuu wa idara husoma bungeni taarifa iliyoandaliwa na maafisa wa chini yake. Ikiwa tarakimu si sahihi na hakuna kinachoonyesha kwamba aliletewa zile sahihi, ulichonacho ni uzembe wa kutohakiki. Uzembe nao ni kosa, lakini uuite kwa jina lake. Ukipata barua iliyompa tarakimu sahihi, yenye sahihi yake ya kupokea na tarehe ya kabla ya kikao, mambo yanabadilika kabisa.

4. Ni sheria zipi zinazotumika?

Katiba ya 2010, hasa kifungu cha 47 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala na cha 236 kinachokataza mtumishi wa umma kuadhibiwa bila utaratibu wa haki. Sheria ya Ajira ya 2007, vifungu vya 41 hadi 49. Sheria ya Serikali za Kaunti. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015. Palipo na pesa au nyaraka za uongo, ongeza Sheria ya Kukabiliana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, ambayo hapa chini tunaiita sheria ya ufisadi.

Kifungu cha 41 cha sheria hiyo ya mwisho kinasahaulika sana, na ndicho kinachogusa uongo moja kwa moja. Afisa anayemwambia mwajiri wake jambo analojua ni la uongo au la kupotosha, na mwajiri akapata hasara, ametenda kosa la jinai. Adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Kama alifaidika au umma ulipata hasara, korti humwongezea faini ya lazima ya mara 2 ya kiasi hicho.

## Kuwasilisha malalamiko

5. Nipeleke wapi malalamiko yangu?

Inategemea anayelalamikiwa na aina ya jambo. Mwenendo wa mkurugenzi au afisa mkuu: andikia katibu wa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na nakala kwa katibu wa kaunti. Mwenendo wa waziri wa kaunti: gavana, au kamati ya bunge inayosimamia idara hiyo. Pesa, zabuni, vyeti bandia au nyaraka za kughushi: Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ambayo ina nambari ya bure 1551. Idara ikikataa kujibu barua au kukuhudumia: Tume ya Haki za Kiutawala.

Unaweza kupeleka jambo moja kwa zaidi ya ofisi moja, lakini waambie wote kwamba umefanya hivyo. Ofisi ikigundua baadaye, kila moja huketi ikisubiri nyingine imalize.

6. Barua ya malalamiko iwe na nini?

Kurasa 2 zinatosha. Taja jina la cheo, idara, tarehe, mahali, kilichotokea, nani mwingine alikuwepo, na nyaraka ulizoambatisha zikiwa zimepewa nambari. Kama unadai uongo, nukuu kauli yenyewe na uonyeshe ilipo. Kauli iliyotolewa mbele ya kamati ya bunge hupatikana kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za maneno yanayosemwa bungeni. Omba ukurasa wa siku hiyo badala ya kutegemea habari za redioni.

Acha maneno kama "fisadi", "mwizi" na "kila mtu anajua". Hayamsaidii mchunguzi, na yanampa mlalamikiwa sababu ya kusema ni chuki. Peleka nakala 2 na urudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, huna uthibitisho wa siku ambayo ofisi ilijua jambo hilo.

7. Nitapataje nyaraka za idara kwa njia halali?

Raia wa Kenya anaweza kuomba chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika kwa Kiingereza au Kiswahili, eleza waraka unaoutaka kwa usahihi ("cheti cha kukamilika kwa kazi na hati ya malipo ya mradi fulani, mwaka fulani wa fedha"), na ofisi inapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Ukinyimwa, una siku 30 za kuomba Tume ya Haki za Kiutawala ipitie uamuzi huo.

Mtumishi wa ndani asichukue faili na kwenda nalo nyumbani. Anayefanya hivyo humgeuza mkuu wake kuwa mlalamishi, na shauri la kwanza linazimwa na la pili. Andika nambari ya faili na ya ukurasa, kisha mwachie mchunguzi alidai faili lenyewe.

8. Nikilalamika, je, nitafutwa kazi? Naweza kuficha jina langu?

Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu, isipokuwa malalamiko yathibitike kuwa ya kizembe na yasiyo na msingi. Kifungu cha 65 cha sheria ya ufisadi nacho kinawalinda watoa habari na kuzuia majina yao kutajwa kortini.

EACC hupokea ripoti zisizo na jina. Bodi ya kaunti nayo inaweza kuzipokea, ila kwa mwenendo wa ofisini ripoti kama hiyo haifiki mbali, kwa sababu mlalamikiwa ana haki ya kumhoji anayemshuhudia (swali la 12). Njia inayofanya kazi ni barua isiyo na jina lakini inayoonyesha hati zilipo. Hati hazihitaji kuogopa kuhamishwa.

## Malalamiko yakishapokelewa

9. Barua ya kumtaka mkuu wa idara ajieleze iandikwe vipi?

Barua hii ndiyo msingi wa shauri zima. Ikiwa mbovu, hakuna kikao kizuri kitakachoiokoa.

Tuseme mkurugenzi wa maji aliiambia kamati ya bunge kwamba visima 6 vimekamilika, ilhali 2 havikuwa na pampu. Barua mbovu husema: "Umekuwa ukidanganya bunge na kuaibisha serikali ya kaunti, kinyume cha maadili." Hajui ajibu nini, na korti itakubaliana naye. Barua nzuri husema hivi:

"Tarehe fulani, mbele ya kamati ya maji, ulisema: 'Visima vyote 6 vimekamilika na vinatoa maji.' Ripoti ya ukaguzi ya mhandisi, iliyopokelewa ofisini mwako siku 9 kabla na kutiwa sahihi yako, ilionyesha kwamba kisima cha 4 na cha 5 havikuwa na pampu. Kamati ilitegemea kauli yako kupendekeza malipo ya mwisho. Unadaiwa kutoa taarifa ukijua si ya kweli. Nakala za Hansadi, ripoti na rejista ya barua zimeambatishwa."

Yale maswali 4 ya swali la 3 yamejibiwa yote. Chini yake weka tuhuma ya pili kama ipo, kwa aya yake. Taja kifungu cha kanuni kinachodaiwa kuvunjwa, siku ya mwisho ya kujibu, na adhabu ambayo jambo hilo linaweza kuleta. Mtu ambaye hakuambiwa kwamba kazi yake iko hatarini hajapewa nafasi ya kujitetea.

10. Ana siku ngapi za kujibu, na ajibu vipi?

Sheria ya Ajira haitaji idadi ya siku. Kinachodaiwa ni muda wa kutosha, na kutosha kunapimwa kwa wingi wa nyaraka. Saa 24 kwa faili la kurasa 300 ni kujitafutia kushindwa kortini. Mkuu wa idara anayehitaji muda zaidi aombe kwa maandishi kabla ya siku kuisha, na aseme anatafuta nini.

Katika majibu, afuate mpangilio wa barua, tuhuma kwa tuhuma. Akubali lililo kweli. Kama tarakimu alizosoma hazikuwa sahihi, aseme hivyo na aonyeshe alizipata wapi. Hatari kubwa ya hatua hii ni kuongeza uongo mpya. Wakuu wengi huponzwa na maelezo waliyoandika baadaye kuliko na kauli ya awali: barua ya tarehe ya nyuma iliyochapwa juzi, shahidi aliyefundishwa, mkutano unaodaiwa kufanyika siku ya sikukuu. Kompyuta huhifadhi tarehe ya faili kutengenezwa, na rejista ya barua haina nafasi katikati ya mistari. Hati ya aina hiyo ikigunduliwa, jambo lililostahili onyo linakuwa la kufutwa kazi na la polisi.

11. Kusimamishwa kazi ni adhabu? Mshahara unakuwaje?

Si adhabu, ni kumweka kando ili uchunguzi usivurugwe. Mwongozo wa rasilimali watu wa utumishi wa umma wa 2016 unatenganisha hali 2. Katika ya kwanza (kwa Kiingereza, interdiction) mtumishi hulipwa nusu ya mshahara wa msingi. Katika ya pili (suspension), iliyo kali zaidi, mshahara husimama. Katika zote mbili hubaki na marupurupu yote ya nyumba na bima ya matibabu. Akiondolewa lawama, mshahara uliozuiliwa hurudishwa.

Barua iseme ni hali ipi. Nyingi hazisemi, na ofisi ya mishahara hukisia. Kasoro nyingine ya kawaida ni kumsimamisha mtu kisha kumnyima kuingia ofisini kutafuta hati za kujitetea. Mruhusu aingie akiwa na afisa mwingine, aorodheshe anachotaka na apewe nakala.

12. Kikao cha kusikilizwa kinaendeshwa vipi? Wakili anaruhusiwa?

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka mambo haya: aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, awe na mtumishi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na maelezo yake yeye na ya huyo mwenzake yasikilizwe kabla ya uamuzi. Sheria hii inataja mwenzake wa kazini, haitaji wakili. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala inazungumzia wakili panapofaa, na inampa mlalamikiwa haki ya kuwahoji wanaotoa ushahidi dhidi yake na ya kuomba kikao kiahirishwe. Mkuu wa idara anayekabiliwa na tuhuma ya uongo yenye hasara ya mamilioni, mbele ya bodi iliyokuja na mwanasheria wa kaunti, asinyimwe wakili ila kwa sababu nzuri sana, na sababu hiyo iandikwe.

Aliyelalamika, aliyechunguza na anayeamua wasiwe mtu mmoja. Katika idara ndogo hili husahaulika: afisa mkuu analalamika, anaandika barua, kisha anaketi kitini cha mwenyekiti. Shauri hilo limeshaharibika kabla halijaanza.

Kumbukumbu za kikao ziandike maswali na majibu, si muhtasari wa "alishindwa kujieleza". Kila upande utie sahihi. Anayekataa, andika kwamba amekataa na sababu aliyotoa.

13. Bodi inahitaji ushahidi wa kiwango gani?

Si ule wa kesi ya jinai. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri athibitishe sababu aliyoamini kwa dhati kuwepo wakati alipomwachisha mtu kazi. Imani hiyo iwe na msingi ambao mwajiri mwingine mwenye busara angeukubali. Uvumi hautoshi. Ripoti ya mhandisi, sahihi ya kupokea na Hansadi vinatosha hata kama mkuu wa idara anaendelea kukana.

14. Jumbe za WhatsApp na sauti zilizorekodiwa zinakubalika?

Mbele ya bodi, ndiyo, mradi mlalamikiwa amepewa nakala mapema. Jambo likielekea kortini, Sheria ya Ushahidi inataka cheti cha anayeleta ushahidi wa kielektroniki, kikieleza ulivyotolewa na kifaa kilichotumika. Kwa hiyo usifute simu ile, na usikate mazungumzo. Picha ya ujumbe mmoja bila yaliyotangulia na yaliyofuata hushambuliwa kirahisi, na mara nyingi kwa haki.

## Waziri wa kaunti

15. Bunge la kaunti linamwondoaje waziri?

Mwakilishi wadi anayeungwa mkono na angalau thuluthi 1 ya wabunge wote wa kaunti hutoa hoja. Sababu zinazokubalika zimetajwa: uzembe wa kutoweza kazi, matumizi mabaya ya mamlaka, utovu mkubwa wa nidhamu, ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria, au hukumu ya kosa linaloadhibiwa kwa kifungo cha miezi 6 au zaidi. Hoja ikipita, kamati ya wajumbe 5 huundwa na ina siku 10 za kuripoti kama madai yamethibitika. Yakithibitika, waziri hupewa nafasi ya kujitetea kisha kura hupigwa. Wengi wa wabunge wakiunga mkono, spika humpelekea gavana azimio, na gavana humfuta.

"Kulipotosha bunge" halimo katika orodha kwa jina hilo. Mwenye hoja lazima alionyeshe kuwa utovu mkubwa wa nidhamu au matumizi mabaya ya mamlaka, na siku 10 ni chache mno kuanza kutafuta hati. Kamati zinazofanikiwa huwa zimeshatumia mamlaka ya kifungu cha 195 cha Katiba, yale ya kumwita shahidi na kudai nyaraka kama Mahakama Kuu, kabla hoja haijatajwa ukumbini.

16. Gavana hawezi kumfuta tu bila maneno mengi?

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa gavana uwezo wa kumwachisha waziri akiona inafaa. Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyotoka Nyeri na kuamuliwa mwaka 2015, ilisema uwezo huo lazima utumiwe kwa busara, si kwa matakwa ya siku hiyo. Gavana anayetaja uongo kama sababu hadharani, bila kumsikiliza waziri, anajiwekea mtego mwenyewe.

## Baada ya uamuzi

17. Rufaa inapelekwa wapi?

Kwa mtumishi wa kaunti, rufaa huenda kwa Tume ya Utumishi wa Umma jijini Nairobi, chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, kwa maandishi, ndani ya siku 90 tangu uamuzi. Tume inaweza kupokea iliyochelewa ikiona kuna sababu, lakini usilitegemee hilo. Ambatisha barua iliyokutaka ujieleze, majibu yako, kumbukumbu za kikao na barua ya uamuzi.

Rufaa isirudie majibu ya awali. Onyesha kosa: ushahidi upi haukuzingatiwa, hatua ipi ya utaratibu ilirukwa, au kwa nini adhabu haiendani na kosa. Usiporidhika, unaweza kuomba tume ipitie uamuzi wake ikiwa kuna jambo jipya lisilojulikana au kosa la wazi. Rufaa ya pili juu ya uamuzi ule ule hairuhusiwi.

18. Naweza kuruka tume na kwenda kortini moja kwa moja?

Kwa kawaida utarudishwa. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 2017 katika kesi iliyotoka Wajir: njia ya kifungu cha 77 imalizwe kwanza. Ukimaliza, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko wazi. Madai ya ajira yana ukomo wa miaka 3.

19. Inawezekanaje mtu aliyedanganya kweli kweli ashinde kesi?

Kwa sababu korti huuliza maswali 2: je, kulikuwa na sababu halali, na je, utaratibu ulikuwa wa haki? Kaunti ikishinda la kwanza na kushindwa la pili, kufutwa kazi kunakuwa si kwa haki. Fidia ya juu kabisa ni mshahara wa miezi 12. Kurudishwa kazini nako kunawezekana, mradi miaka 3 haijapita tangu afutwe.

Lakini kifungu cha 49 cha Sheria ya Ajira kinaiagiza korti ipime pia mchango wa mtumishi mwenyewe katika kuachishwa kwake. Aliyedanganya na kuthibitika, hata akishinda kwa utaratibu, hupewa kidogo. Pesa hiyo hutoka kwa mlipa kodi, na inatukera kuona kaunti zikiilipa kwa sababu ya barua ya aya moja iliyoandikwa kwa hasira.

## Hali zisizo za kawaida

20. Amejiuzulu siku moja kabla ya kikao. Shauri limekwisha?

La nidhamu kwa kawaida ndiyo, kwa sababu hana tena kazi ya kuondolewa. La pesa halijaisha. Kifungu cha 226 cha Katiba kinasema anayeelekeza au kuidhinisha matumizi kinyume cha sheria atalipa hasara hiyo, awe bado yuko ofisini au ameondoka. Bodi iweke kwenye faili lake kwamba aliondoka shauri likiwa linaendelea, ikabidhi ushahidi kwa EACC, na isimwandikie barua ya sifa.

21. Ameshtakiwa kortini. Bodi isubiri hukumu?

Si lazima. Kesi ya jinai na shauri la nidhamu ni njia 2 tofauti, na korti za Kenya zimelisema hilo mara nyingi. Kuachiliwa kwake hakufuti uamuzi wa bodi uliofikiwa kwa haki, kwani kiwango cha ushahidi hakifanani (swali la 13). Ila bodi iwe na ushahidi wake yenyewe. Kuandika "umekamatwa, kwa hiyo umefutwa" hakutoshi.

Akishtakiwa kwa ufisadi au uhalifu wa kiuchumi, kifungu cha 62 cha sheria ya ufisadi humsimamisha kwa nusu mshahara tangu siku ya kushtakiwa. Hapo bodi haina hiari. Akihukumiwa, hawezi kushika wadhifa wa umma kwa miaka 10.

22. Uongo wenyewe ni cheti bandia cha miaka mingi iliyopita. Bado ni kosa?

Ndiyo. Anza na taasisi iliyotajwa kwenye cheti: baraza la mitihani au chuo huthibitisha kwa maandishi, na jibu hilo ndilo ushahidi mkuu. Mpe mlalamikiwa nakala na nafasi ya kueleza. Wakati mwingine ni jina la ndoa au nambari iliyoandikwa vibaya. Ikithibitika kuwa ni cha kughushi, kazi nzuri aliyoifanya tangu hapo haiondoi kosa, na EACC hudai kortini mshahara aliolipwa urudishwe.

23. Anasema aliagizwa na mkubwa wake aseme hivyo.

Agizo la kusema uongo si agizo halali, kwa hiyo halimwondolei kosa. Linaweza kupunguza adhabu na linamwingiza aliyeagiza. Lakini alionyeshe. Mkuu wa idara anayepewa agizo la mdomo lenye utata aandike siku ile ile: "Kufuatia maelekezo yako ya leo asubuhi, nimeelewa kwamba... Naomba uthibitishe." Asipojibiwa, waraka huo bado upo wenye tarehe.

24. Je, ikibainika mlalamishi ndiye aliyedanganya?

Tofautisha aliyekosea na aliyetunga. Aliyekosea kwa nia njema analindwa (swali la 8). Aliyetoa madai ya uongo kwa EACC anavunja kifungu cha 66 cha sheria ya ufisadi, na anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000 au kufungwa hadi miaka 5. Kwa mtumishi, bodi inaweza kufungua shauri jipya dhidi yake, lenye barua yake na kikao chake. Isimhukumu ndani ya shauri la mwingine.

25. Nimeteuliwa kuwa mkuu wa idara na nimekuta ripoti za mtangulizi wangu si za kweli. Nifanye nini?

Usizitie sahihi wala kuzirudia. Katika wiki za kwanza, dai makabidhiano ya maandishi: orodha ya miradi, hali ya kila mmoja, malipo yaliyobaki, magari na funguo. Tembelea miradi mikubwa ukiwa na mhandisi na mhasibu, pigeni picha zenye tarehe, kisha mwandikie bosi wako tofauti mlizozikuta. Kama taarifa za fedha za mwaka zinakaribia, kumbuka zinatakiwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kufikia tarehe 30 Septemba. Wasilisha tarakimu zilizorekebishwa pamoja na maelezo. Kama kauli ya mtangulizi iko kwenye Hansadi, mwandikie karani wa bunge barua ya kusahihisha kabla kamati haijakuita, na uhifadhi nakala yenye muhuri.